Daftari la Shosho: Nani Hulipia Malezi ya Watoto wa Lucky Summer?

Daftari lenyewe ni lile la kurasa 32, la bei ya chini kabisa dukani, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani hamna hesabu za shule. Majina ya watoto yameandikwa upande wa kushoto, siku za wiki juu, na katika kila kisanduku kuna tiki au kuna nambari. Tiki maana yake mzazi amelipa. Nambari ndiyo deni: 50, 100, 100, 70. Mwisho wa mwezi tiki huongezeka. Wiki zinazotangulia, ukurasa mzima ni nambari tupu.

Mwenye daftari ana bebikea katika chumba cha chini cha ploti moja hapa Lucky Summer, Nairobi, upande unaoteremka kuelekea mtoni. Bebikea ndilo jina la mtaani. Kwenye karatasi za serikali utasoma "kituo cha malezi ya watoto". Wazazi kwa watoto tunamwita Shosho, yaani bibi, naye huitikia hata anayemwita akiwa rika lake. Mwanangu alikaa kwake tangu akiwa na miezi minne hadi alipoanza chekechea. Wakati huo nilikuwa nikipanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi moja ya mjini, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya mchana hadi usiku. Jina la mtoto wangu limo katika madaftari kadhaa ya Shosho, mara likiwa na tiki, mara nyingi zaidi likiwa na nambari.

Nimelikumbuka sana daftari hilo kila niliposikia watu wakibishana kama serikali ya Kenya inaweza kumudu kuwasaidia wazazi wanaofanya kazi kulipia malezi ya watoto. Swali huulizwa kana kwamba msaada huo haujawahi kutolewa. Unatolewa kila siku. Ruzuku ya malezi ipo Lucky Summer, ipo Baba Dogo, ipo Dandora, na imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari. Anayeitoa ni Shosho. Huitoa kila jioni anapomkabidhi mama mtoto wake na kuambiwa "nitakutumia kesho", akijua kesho hiyo huenda ikawa Ijumaa ya wiki ijayo, na kunapokucha anampokea mtoto yule yule tena.

Umetoka Koch, hujafika Kasarani

Ukiiacha Thika Road pale Allsops ukashika barabara ya Baba Dogo, unapita viwanda kwanza, ndipo nyumba zianze kubanana. Lucky Summer ni wadi mojawapo ya tano za eneobunge la Ruaraka. Nyingine ni Baba Dogo, Utalii, Mathare North na Korogocho. Kuna ghorofa za vyumba vya kupangisha zinazotazamana kiasi cha kupeana chumvi dirishani. Kuna wenye ploti waliokuja zamani, na kuna wapangaji waliohama Korogocho, tuiitayo Koch, vyumba vya mabati vilipowashinda kwa uchafu kuliko kwa kodi. Umetoka Koch, hujafika Kasarani. Upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora unaingia hadi jikoni, na mama mwenye mtoto wa kifua anajua siku hiyo watalala vipi.

Watu wa hapa hurauka. Wa viwandani hutembea kwa miguu kuokoa nauli. Wa mboga huwa wameshafika Marikiti kabla ya jua. Wa mitumba wako Gikomba wakifungua mabelo. Kina mama fua hutawanyika mitaani, wengine wakienda hadi Eastleigh kukaa kando ya barabara wakisubiri kuitwa. Kabla ya hayo yote, lazima mtoto aachwe mahali.

Nilikuwa nikitoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, mtoto mgongoni, mkononi mfuko wenye nepi, chupa ya maziwa na thamosi ya uji. Shosho alikuwa akimpokea bila kumwamsha, akamlaza kwenye godoro katikati ya wenzake. Siku ambayo sikuwa na shilingi mia ya malezi ya siku, nilijikuta nikisimama mlangoni kupita kiasi, nikiulizia habari za maji na stima. Alikuwa akinijua. Alisema tu, haya mama, nenda utachelewa, na akaandika.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, haikupangwa kwa ajili ya watoto. Mitaa ya kwanza ya Waafrika upande huu wa jiji iliwalenga wanaume: serikali ya kikoloni ilimtaka mfanyakazi, mkewe na watoto wabaki mashambani, na nafasi mjini ikahesabiwa kwa vitanda. Miaka ya 1940, nyumba za familia kama zile za Kaloleni zilikuwa jambo jipya. Maana yake ni kwamba mshahara wa Nairobi ulikadiriwa tangu mwanzo kwa mtu ambaye watoto wake wanalelewa na mwingine, mbali, bila malipo. Hesabu hiyo haijawahi kufutwa. Mama wa leo akishindwa kabisa husema "nimempeleka ushago", na mtoto analelewa na bibi yake, mama akituma kidogo kwa M-Pesa na kusikia kwenye simu sauti inayobadilika mwezi baada ya mwezi. Bibi huyo naye anadai, ila yeye haandiki.

Mstari mmoja wa mshahara

Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Ukiisoma amri yenyewe ya mishahara utaona kwamba kundi hilo la chini linawaweka pamoja kibarua, mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana na yaya wa watoto. Wote mstari mmoja.

Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, mama anayefungasha bidhaa kiwandani Baba Dogo na yaya wa kumlelea mtoto wake nyumbani wanastahili mshahara ule ule. Atamlipaje? Akimpa yaya haki yake ya kisheria, yeye mwenyewe harudi na hata nauli. Kwa hiyo mtaani sheria hiyo huvunjwa kimyakimya na watu wasio wabaya: msichana anatolewa kijijini, analipwa theluthi ya kima cha chini au pungufu, analala sakafuni sebuleni, na tunamwita dada. Hiyo nayo ni ruzuku. Inatolewa na msichana wa miaka 19 ambaye angekuwa chuoni.

Asiyemudu hata dada huenda bebikea. Siku 26 kwa shilingi 100 ni shilingi 2,600, karibu moja ya sita ya mshahara ule wa kima cha chini. Wawe watoto wawili, inakaribia theluthi moja. Na huyo ni mwenye mshahara. Mama fua hana mwezi. Leo amepata nguo za nyumba mbili, kesho amekaa kando ya barabara hadi saa nane akarudi mikono mitupu. Lakini mtoto alishaachwa asubuhi. Yeye hulipia malezi kabla hajajua kama ana kazi. Ningependa kila anayepanga bajeti ya nchi hii alikalie jambo hilo moja kwa siku nzima, maana ndipo fundo lilipo: kwa mwenye kibarua, ada ya bebikea ni dau, na siku mbili tatu mbaya zikifuatana, la busara ni kubaki nyumbani na mtoto. Akibaki, tunasema hafanyi kazi.

Na upande wa Shosho? Tuseme ana watoto kumi na wawili na wote wamelipa mia mia: 1,200 kwa siku. Hapo kuna kodi ya chumba, unga wa uji, makaa au gesi, maji ya mitungi, sabuni na dawa ya kudekia. Sasa toa nambari za kwenye daftari. Kinachobaki hakimlishi mtu, kwa hiyo anaongeza mtoto wa kumi na tatu, wa kumi na tano, wa ishirini. Mtu mzima mmoja, watoto ishirini, chumba kimoja. Sitaki kuipamba bebikea. Kuna siku nilimkuta mwanangu na nepi ya asubuhi ikiwa bado mwilini jioni, ngozi imewiva. Nililia njia nzima. Shosho hakuwa katili. Alikuwa na mikono miwili tu, na siku hiyo kulikuwa na mtoto mwenye homa.

Nyumbani nako mzigo hauko sawa: utafiti wa taifa wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu saa nne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume, takriban saa moja. Baba wa mtoto wangu hakuwamo hata katika hiyo saa moja, lakini hayo ni yangu.

Vocha za Korogocho

Faida ya kumlipia mama malezi imeshapimwa, tena mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Katikati ya miaka ya 2010, watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya chenye makao yake Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill cha Canada, waliwafuatilia kina mama 1,222 wa Korogocho wenye watoto wadogo. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata vocha za kulipia bebikea zilizokuwapo mtaani. Wengine vocha za bebikea ambazo walezi wake walikuwa wameongezewa mafunzo na vifaa. Wengine hawakupata chochote.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Demography. Waliopewa vocha waliwazidi wenzao katika kuwa na kazi kwa pointi 8.5 za asilimia. Chukua kina mama mia wenye vocha na mia wasio nayo: upande wa vocha utakuta wanane au tisa zaidi wako kazini. Hawakufundishwa biashara. Hawakukopeshwa mtaji. Mtoto alipata tu pa kukaa.

Wengi wa hao walioongezeka kazini walikuwa wameolewa. Kina mama wanaolea peke yao hawakuongezeka sana, na hapo ndipo ninapojiona, maana sisi tulikuwa kazini tayari. Ungebaki nyumbani, nani alete unga? Lakini vocha iliwabadilishia kazi yenyewe. Walihamia kazi za saa chache zaidi na za ratiba inayoeleweka, na kipato hakikushuka.

Nilirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Saa chache, kipato kile kile. Anayelea peke yake huchukua kazi inayomruhusu kwenda na mtoto, au ya usiku jirani akimwangalizia, au ya kufua huku mtoto ameketi kando ya karai akila povu. Kazi hizo zinalipa vibaya kwa sababu zinamvumilia mtoto. Mwondolee mzigo wa kumtafutia mtoto mahali, na ghafla anaweza kukataa kazi mbaya. Zile saa alizorudishiwa hazionekani katika takwimu za ajira. Zinaonekana jioni, mtoto anapoogeshwa na mama yake badala ya kulala na vumbi la mchana.

Atatokea wa kusema kwamba utafiti wa mtaa mmoja hauthibitishi nchi nzima. Sawa. Lakini Nairobi ni mji wa mitaa ya namna hiyo, na nimeona serikali zikitumia mabilioni kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Pengo la miezi arobaini na mitano

Mfuate mtoto wa Lucky Summer kwa macho ya hazina ya serikali. Anazaliwa: tangu Juni 2013 serikali imelipia kina mama kujifungua katika hospitali za umma, kwanza bila malipo, kisha kupitia Linda Mama, na sasa huduma hiyo iko chini ya bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mama aliyeajiriwa rasmi anapata likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili kwa Sheria ya Ajira ya 2007; baba wiki mbili. Kisha, kwa watoto wengi, pesa za umma za malezi hutoweka. Zinaonekana tena mtoto akifika miaka minne, anapoingia PP1 katika chekechea ya kaunti na kuanza kupata chakula cha mchana cha Dishi na County, mpango ulioanza 2023, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 na kaunti inajazia.

Kati ya miezi mitatu na miaka minne kuna miezi arobaini na mitano. Ndiyo miezi ambayo ubongo unakua kwa kasi kubwa. Ndiyo miezi ambayo mama hufukuzwa kazi kwa kuchelewa. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa sababu mtoto alitapika usiku kucha na nikafika saa tatu.

Si kwamba serikali haijui njia ya kumfikishia pesa mtoto mdogo. Mpango wa Inua Jamii huwalipa shilingi 2,000 kwa mwezi walezi wa mayatima na watoto walio hatarini, pamoja na wazee na watu wenye ulemavu mkali. Mpango wa lishe uitwao NICHE umekuwa ukiongeza shilingi 500 kwa mama mjamzito au mtoto mchanga katika kaunti za Kilifi, Kitui, Marsabit, Turkana na Pokot Magharibi. Na mwaka 2021 yalianza majaribio ya posho ya watoto wote, bila kuchagua nani maskini zaidi, kwa walio chini ya miezi 36 katika sehemu za Embu, Kajiado na Kisumu: shilingi 800 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Nairobi haikuwemo. Hapa kwetu 800 ni siku nane za bebikea. Ni kidogo, lakini siku nane zisizo na nambari ni ukurasa tofauti kabisa.

Sheria nazo zipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea na, kwa maneno yale yale, vituo vya malezi ya watoto. Ya kwanza tumeiona: madarasa yamejengwa, walimu wameajiriwa. Ya pili imekaa pale pale katika mstari huo kama mgeni asiyekaribishwa. Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya vituo vya malezi ya watoto mwaka 2017, ya usajili na leseni. Ni jambo jema, na viwango vinahitajika, nimeshasema kuhusu ile nepi. Lakini leseni bila pesa humgeuza mkaguzi kuwa tishio. Akija kwa Shosho na kukuta chumba kimoja na choo cha kugawana na ploti nzima, atafanya nini? Akifunga, watoto ishirini hawaendi kituo bora. Wanaenda kwa jirani asiyejulikana kabisa, au wanafungiwa ndani na dada yao wa miaka minane.

Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri aweke chumba cha mama kunyonyesha kazini. Mahali pa kazi pa mama fua ni karai la mtu mwingine. Na hata walio juu hawajasalimika: Agosti 2019, Zuleikha Hassan, wakati huo mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliamriwa kutoka katika ukumbi wa Bunge la Taifa kwa kuingia na mtoto wake wa miezi mitano. Siku hiyo nilikuwa kazini, na sisi wasichana wa rafu tulitazama video hiyo kwenye simu ya mmoja wetu, tumejificha nyuma ya makreti ya soda. Hakuna aliyesema neno. Mbunge alikosa pa kumweka mtoto saa chache tu.

Pesa ipitie wapi

Wataalamu wa kodi huwa na jibu la haraka: mpunguzie mzazi kodi ya mapato. Silitaki jibu hilo liwe la kwanza. Zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi wa Kenya wako katika sekta isiyo rasmi, hawakatwi kodi kwenye hati ya mshahara kwa sababu hati yenyewe hawana. Nafuu ya kodi ingemfikia karani wa benki, isimfikie mama fua anayemfulia karani huyo nguo.

Uingereza imekwenda mbali katika kuwalipia wazazi: tangu Septemba 2025, mzazi anayefanya kazi England anaweza kupata saa 30 za malezi kwa wiki zilizogharamiwa na serikali kuanzia mtoto akiwa na miezi tisa, katika wiki za muhula wa shule. Lakini lazima athibitishe kipato chake. Nani atamthibitishia muuza mboga wa Lucky Summer kwamba ameuza? Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini, ambako serikali hulipa kituo chenyewe kwa kila mtoto kwa kila siku. Kiwango kilikwama kwenye randi 17 kwa miaka mingi, na bajeti ya 2025 ikakipandisha hadi 24. Kasoro yao kubwa ilikuwa kwamba kituo kisichosajiliwa hakipati kitu, na vya maskini zaidi ndivyo vilivyokosa usajili. Ndiyo maana mwaka huo huo wakaanzisha kampeni ya kuvisajili kwa wingi. Sisi tunaweza kuanza pale walipofika. Mlipe Shosho kwanza, kidogo, kwa masharti mepesi: idadi ya watoto, maji safi, mlango unaofunguka. Kisha mkague ukiwa na kitu cha kumpa.

Njia za kulipia tunazo. Watoto wa Dishi na County huvaa bangili mkononi, mzazi anaijaza kwa simu, mtoto anaigusisha kwenye kifaa na sahani inatoka. Mtoto wa miaka miwili naye ana mkono. Na jikoni zile kubwa za kaunti zinaweza kuongeza sufuria kwa ajili ya bebikea zilizo kwenye njia ya magari yao, hata kabla ya kulipa ada yoyote. Siku chakula kinapotoka nje, Shosho anapata saa mbili za kushika watoto badala ya kushika mwiko.

Nalo la kumlipa mwanamke wa mtaani kwa kazi ya umma si geni. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja, wanaolipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu na serikali kuu na nusu na kaunti. Wanapita nyumba kwa nyumba hapa na mikoba yao. Mmoja wao huingia kwa Shosho kupima watoto. Yule anayempima mtoto kwa dakika tano anatambuliwa na serikali. Anayekaa naye saa kumi na mbili, hapana.

Pesa itoke wapi? Mwenye hati ya mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba, na mengine juu yake. Sisemi tuongezwe makato. Watu wamechoka, na walisema hivyo barabarani Juni 2024. Nasema kaunti ianze na ile kazi ambayo Katiba iliipa tangu siku ya kwanza, iandike mstari mmoja wa malezi katika bajeti yake, hata uwe mwembamba, ili mwaka unaofuata tuwe na kitu cha kuulizia. Wadi ya Lucky Summer ingetosha kuanzia. Bebikea zetu zinahesabika kwa mguu katika siku mbili. Mhudumu wa afya wa kila eneo anazijua zote kwa milango yake.

Ukurasa wa mwisho

Mwezi uliopita nilipita kwa Shosho kumwuliza maswali ya makala haya. Ilikuwa saa saba, wakati wa kulala. Watoto kumi na wanne walikuwa wamelala kwa safu, vichwa ukutani, na chumba kilinuka uji na Vaseline. Aliongea kwa kunong'ona. Nilimuuliza anafanyaje na wasiolipa kabisa, akanieleza kwamba hajawahi kumrudisha mtoto mlangoni, kwa sababu mama ataenda kazini vyovyote vile na mtoto atabaki mahali vyovyote vile.

Madaftari ya zamani ameyaweka katika katoni ya maziwa juu ya kabati. Nikamwomba tutafute la mwaka wangu. Ilituchukua muda, majalada yote yanafanana. Tukalipata. Jina la mwanangu lilikuwa la tano kutoka juu, na Ijumaa ya mwisho kabla hajaanza chekechea kulikuwa na jumla iliyozungushiwa duara: 350. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nafikiri wiki hiyo pesa ilikwenda kwa sare na viatu vya shule.

Nikatoa simu nikamtumia. Simu yake ikatoa mlio chini ya mto wa mtoto mmoja, na mtoto akageuka bila kuamka. Shosho hakuuliza ni ya nini. Alichukua kalamu, akatafuta kile kisanduku, akaweka tiki na tarehe ya siku hiyo kando yake. Kisha akafungua daftari la mwaka huu, kwa sababu mama mmoja alikuwa amefika mapema mlangoni, ameshika mfuko mtupu, akiulizia kama maji yalirudi.